Demensia ya aina gani? Alzheimer, ya mishipa ya damu, ya Lewy na ya mbele ya ubongo zikilinganishwa

"Mzee ana demensia" ni nusu ya jibu. Linamwambia mlezi kwamba ubongo unaugua, halimwambii unaugua nini. Nusu iliyobaki ndiyo inayoamua dawa ipi ipewe, ipi ikataliwe, na familia ijiandae kwa lipi. Zipo dawa za kutuliza zinazotolewa hospitalini kila siku ambazo mgonjwa wa aina moja ya demensia humfanya asinzie tu, ilhali wa aina nyingine huweza kumkakamaza mwili, kumpotezea fahamu na hata kumuua. Ndiyo maana ombi langu kwa yeyote anayemuuguza mzazi, mume au mke ni moja: usitoke kwa daktari ukiwa na neno demensia peke yake. Uliza ni ya aina gani, na wamejuaje.

Demensia ni hali ya akili kudhoofika kiasi cha mtu kushindwa kuendesha maisha aliyoyazoea, na magonjwa yanayoileta ni mengi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa nayo, na kila mwaka karibu milioni 10 wengine huipata. Makubwa ni manne. Ugonjwa wa Alzheimer ndio unaoongoza, asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa wote. Protini za amiloidi na tau hujikusanya kwenye ubongo na seli zikafa taratibu. Demensia ya mishipa hutokana na damu kutofika sawasawa, ama kwa kiharusi kikubwa, ama kwa mishipa midogo kuziba kimyakimya kwa miaka mingi. Demensia ya Lewy huletwa na protini iitwayo alfa-sinukleini, ileile inayohusika na ugonjwa wa Parkinson. Ya nne hula sehemu ya mbele na za pembeni za ubongo, zinazosimamia tabia, busara na lugha. Hapa nitaiita demensia ya mbele.

Kwanza ondoa yanayofanana nayo

Swali la awali kabisa ni muda. Akili iliyovurugika ndani ya saa au siku chache ichukuliwe kuwa dharura, si demensia. Mtu aliyekuwa akizungumza vizuri Jumatatu, kufika Jumatano akawa anaweweseka, anasinzia mchana kutwa na hajui alipo, huenda ana maambukizi ya mkojo, nimonia, upungufu wa maji, sukari iliyoshuka, au kuna dawa mpya iliyomdhuru. Madaktari huiita deliriamu. Alama yake kubwa ni umakini kuvunjika: mwambie ataje siku za wiki akirudi nyuma, naye atapotea baada ya mbili tatu. Mgonjwa wa Alzheimer wa hatua za mwanzo kwa kawaida atazimaliza, ingawa baada ya dakika tano hakumbuki kwamba uliwahi kumuuliza. Na kwa kuwa mwenye demensia ndiye anayepatwa na deliriamu kwa wepesi zaidi, kauli ya "amezoea kuchanganyikiwa" isiwe sababu ya kumwacha kitandani. Akibadilika ghafla, apelekwe.

Sonona nayo huiga demensia, ila huja kwa wiki au miezi. Mwenye sonona hulalamika mwenyewe kwamba anasahau, na akiulizwa swali hujibu "sijui" bila kujaribu. Mwenye Alzheimer mara nyingi hukana kwamba kuna tatizo, hujaribu kujibu, hukosea, na wanaolalamika ni watu wa nyumbani. Tofauti hii inasaidia bila kutosha kuamua, kwani sonona inayomjia mtu uzeeni kwa mara ya kwanza huweza yenyewe kuwa dalili ya awali ya demensia.

Kisha kuna mambo ambayo daktari asipoyaangalia, kwa maoni yangu, hajamaliza kazi: upungufu wa vitamini B12, tezi ya thairoidi iliyolegea, VVU, kaswende, pombe ya miaka mingi, na damu iliyovia taratibu chini ya fuvu baada ya kuanguka. Kuna pia hali ya maji kujaa kwenye vyumba vya ndani vya ubongo, ambayo hujitambulisha kwa mambo matatu yakiandamana: mwendo wa kukokota miguu, mkojo usiozuilika na akili nzito. Hii huweza kupungua sana kwa upasuaji wa kuweka mrija wa kutoa maji. Dawa pia zikaguliwe moja moja. Diazepamu ya usingizi, amitriptilini ya sonona, dawa za zamani za mzio zinazoleta usingizi kama klorfeniramini, na oksibutinini ya kibofu, zote hufifisha akili ya mzee, na zikiwa mbili tatu kwa pamoja ndiyo zaidi. Weka vidonge vyake vyote kwenye mfuko mmoja, pamoja na vile vya kununua bila cheti, umpe daktari avione. Masikio na macho yapimwe pia. Asiyesikia swali hawezi kulijibu.

Ni dalili gani iliyotangulia?

Hapa ndipo aina hizi zinapoachana, na hapa ndipo mlezi ana ushahidi kuliko mashine yoyote. Baada ya miaka minane wagonjwa wote huanza kufanana. Mwanzoni hawafanani, na aliyeuona mwanzo ni wewe.

Alzheimer kwa kawaida huanza na kumbukumbu ya mambo mapya. Mtu anauliza swali lilelile mara nne asubuhi moja, anaweka funguo mahali pa ajabu kisha anamshuku mtu kuwa kaiba, anapotea kwenye njia aliyoipita miaka thelathini. Harusi yake ya zamani anaisimulia bila kukosea. Mgeni aliyeondoka saa moja iliyopita hamkumbuki kabisa. Ukimdokezea, haisaidii. Ukimwambia "yule aliyevaa kofia," bado hana, kwa sababu jambo halikuhifadhiwa tangu mwanzo.

Dokezo hilohilo kwa mwenye demensia ya mishipa mara nyingi hufungua. "Aa, yule wa kofia, ndiyo, alikuja na mkewe." Kumbukumbu ilikuwepo, ila kuifikia kulikuwa kugumu. Kinachomlemea yeye hasa ni uzito na mpangilio: anafikiri taratibu, anashindwa kufuata hatua za kazi aliyoimudu, hesabu za matumizi zinamshinda, ari inapungua. Mara nyingi nyuma yake kuna shinikizo la damu, kisukari, mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, sigara, au kiharusi kilichopita. Mwendo wake unaweza kuharibika mapema, na haja ya mkojo ikawa ya kukimbiliwa. Wa Alzheimer hutembea vizuri kwa muda mrefu, jambo ambalo ndilo linalomfanya apotee mbali.

Demensia ya Lewy ndiyo ninayoiona ikikosewa kwa hatari kubwa zaidi, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo. Kumbukumbu mwanzoni inaweza kuwa nzuri kiasi cha kumdanganya daktari mwenye haraka. Dalili zake kuu ni nne. Ya kwanza ni kupanda na kushuka: leo anazungumza kwa ufasaha, kesho anatazama ukuta kwa saa nzima, kesho kutwa amerudi. Familia hudhani anajifanyisha. Ya pili ni maruweruwe ya macho, yenye umbo kamili na maelezo: watoto wamekaa pembeni ya kitanda, paka anapita chini ya meza, watu wasiosema neno. Mara nyingi hayamtishi, na huyasimulia kwa utulivu. Ya tatu ni mwili wa Parkinson: ukakamavu, hatua fupi, uso usioonyesha hisia, kuanguka. Ya nne hupatikana kwa kumuuliza mwenza wake wa kitandani: je, amekuwa akipiga mateke, kurusha ngumi na kupiga kelele usingizini, akitenda kile anachokiota? Hali hiyo huweza kuanza miaka kumi au zaidi kabla ya akili kuguswa, na hakuna atakayeitaja asipoulizwa. Kufunga choo, kupoteza uwezo wa kunusa na kizunguzungu cha kusimama ghafla mara nyingi huandamana nayo.

Ukijiuliza inatofautianaje na demensia ya Parkinson yenyewe, madaktari hutumia kanuni ya mwaka mmoja. Kama akili ilidhoofika kabla ya mwili kukakamaa, au ndani ya mwaka mmoja wa kuanza kukakamaa, huiita demensia ya Lewy. Kama mtu alikaa na Parkinson kwa zaidi ya mwaka ndipo akili ikafuata, huiita demensia ya Parkinson. Kwa mlezi, uangalizi wa hizo mbili unakaribiana sana. Mwigizaji Robin Williams, aliyefariki mwaka 2014, alikuwa ameambiwa ana Parkinson. Ugonjwa wa Lewy uliotapakaa ubongoni mwake ulionekana baada ya kifo, mwili wake ulipochunguzwa.

Demensia ya mbele huwapata wengi kati ya miaka 45 na 65, na ndiyo sababu hudhaniwa ni kila kitu isipokuwa demensia. Mtu mwungwana anaanza kutoa maneno ya aibu mbele za watu, anatumia fedha hovyo, anakula vitu vitamu bila kiasi, hajali mkewe akilia. Kumbukumbu iko sawa. Kilichoondoka ni breki na huruma. Ndoa nyingi huvunjika kabla ugonjwa haujatajwa, na hili linaniuma kuliko yote, kwa sababu mtu anahukumiwa kwa tabia ambayo ubongo wake hauna tena uwezo wa kuizuia. Wengine huanza na lugha: maneno yanakwama, au maana ya maneno ya kawaida inatoweka, aone uma aulize hiki ni nini. Familia ya mwigizaji Bruce Willis ilitangaza mwaka 2022 kwamba lugha yake imeathirika. Mwaka 2023 ndipo jina kamili, demensia ya mbele, likatolewa. Aina hii huhusiana na urithi kuliko nyingine, kwa hiyo daktari akiuliza kuhusu baba, mama na ndugu zao, jibu kwa ukamilifu.

Kanuni hizi zina mianya. Auguste Deter, mgonjwa ambaye daktari Alois Alzheimer, aliyeupa ugonjwa huu jina lake, alikutana naye Frankfurt mwaka 1901, alikuwa na miaka 51 tu, na dalili yake ya kwanza kuandikwa ilikuwa wivu mkali kwa mumewe. Umri mdogo na tabia kubadilika havikuuondoa ugonjwa wa Alzheimer. Tena kwa wenye miaka 80 na kuendelea, mchanganyiko ni jambo la kawaida kabisa: Alzheimer pamoja na mishipa iliyoziba, au Alzheimer pamoja na Lewy. Daktari akikwambia "mchanganyiko", hajakwepa swali lako. Mwambie akueleze upi unaonekana kutawala.

Kasi nayo husaidia. Alzheimer huteremka polepole bila kishindo, hata familia isiweze kutaja mwezi ulipoanza. Ya mishipa mara nyingi hushuka ghafla baada ya kiharusi, hutulia kwa miezi, kisha hushuka tena. Ile ya mishipa midogo hata hivyo huweza kuteremka taratibu na kufanana na Alzheimer. Demensia inayomaliza mtu kwa wiki au miezi michache si mojawapo ya hizi nne kwa kawaida, na yataka uchunguzi wa haraka.

Vipimo: kipi kinasema nini

Maswali ya mezani ndiyo ya kwanza. Mitihani mifupi ya akili inayotumika sana ni miwili: MMSE, ya mwaka 1975, na MoCA, ya mwaka 2005, na yote ina alama 30. MMSE hushika vizuri udhaifu wa kumbukumbu lakini huikosa demensia ya mbele na ya mishipa katika hatua za mwanzo. MoCA ina maswali zaidi ya kupanga na kuchora, na huwa kali zaidi. Kwa MoCA, alama 26 na kuendelea huhesabiwa kuwa za kawaida. Hata hivyo alama hizo zinategemea sana elimu na lugha. Profesa mstaafu anaweza kupata 28 akiwa ameshaanza kuugua, na mtu asiyesoma akapata 18 akiwa mzima. Kama kipimo kilifanywa kwa lugha asiyoimudu mgonjwa, kataa kukichukulia kuwa ushahidi.

Damu hupimwa ili kuondoa yale yanayotibika. Picha ya CT inatosha kuonyesha uvimbe, damu iliyovia na maji yaliyojaa. MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, huonyesha zaidi makovu ya mishipa midogo, na pia ni sehemu ipi imesinyaa: ile ya kumbukumbu kwa ndani ya pande za ubongo kwa Alzheimer, sehemu ya mbele na ncha za pembeni kwa demensia ya mbele. Kwa Lewy, MRI inaweza isionyeshe kitu cha kukata shauri. Kuna picha maalumu ya dopamini, kemikali ya ubongo inayopungua kwenye Parkinson, inayosaidia kuitenga na Alzheimer, ingawa haiwezi kuitenga na Parkinson. Maji ya uti wa mgongo na picha ya PET ya amiloidi huthibitisha Alzheimer mtu angali hai, na tangu mwaka 2025 Marekani imeidhinisha kipimo cha damu kwa kazi hiyo, kwa watu wa miaka 55 na kuendelea ambao tayari wana dalili. Nasisitiza wenye dalili. Mzima anayesahau majina mara mojamoja hana haja ya kukikimbilia.

Ukilazimika kuchagua kwa sababu ya gharama au umbali, ningeanza na historia iliyochukuliwa kwa utulivu kutoka kwa mtu anayeishi na mgonjwa, kisha damu, kisha CT. PET ni ya mwisho, na ina maana pale tu jibu lake litakapobadilisha matibabu.

Dawa: inayosaidia huku, inaumiza kule

Donepezili, rivastigmini na galantamini huongeza asetilikolini, kemikali ya mawasiliano ubongoni. Kwa Alzheimer husaidia kiasi, hazizuii ugonjwa kuendelea. Kwa Lewy husaidia mara nyingi vizuri zaidi, hadi maruweruwe yakapungua. Kwa demensia ya mbele hazifai, na zinaweza kuzidisha fujo. Kwa demensia ya mishipa peke yake faida yake ni ndogo. Zote huweza kuleta kichefuchefu, kuhara na mapigo ya moyo kwenda polepole, kwa hiyo mwenye historia ya kuzimia apimwe moyo kwanza. Memantini hutumika Alzheimer ikishakomaa.

Dawa mpya, lekanemabu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023 na donanemabu mwaka 2024, huondoa amiloidi na kupunguza kasi ya kuporomoka. Ni za Alzheimer pekee, hatua za mwanzo pekee, na lazima amiloidi ithibitishwe kwanza. Zinaweza kuvimbisha ubongo au kuuvujisha damu, hivyo mgonjwa hufuatiliwa kwa MRI mara kwa mara. Zinapunguza kasi, kilichopotea hakirudi. Familia ipewe maelezo hayo yote kabla ya kukubali.

Kwa demensia ya mishipa, dawa ya maana zaidi ni ile inayolinda kilichobaki: kushusha shinikizo la damu, kudhibiti sukari, kuacha sigara, na dawa ya kuzuia damu kuganda kwa mwenye sababu ya kupewa. Watu huidharau kwa kuwa haina jina la dawa ya akili. Mimi naona ndiyo yenye faida iliyo wazi kuliko nyingi.

Sasa lile la hatari. Mgonjwa akiona watu wasiokuwepo au akifanya fujo, huandikiwa haloperidoli, moja ya zile dawa za kutuliza nilizozitaja mwanzoni, au dawa za kundi lake. Karibu nusu ya wagonjwa wa Lewy hudhurika vibaya wakizipewa: hukakamaa, husinzia mno, huchanganyikiwa zaidi, na wengine hufa. Metoklopramidi ya kichefuchefu nayo huzidisha ukakamavu. Hata kwa aina nyingine, mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo mwaka 2005 kwa dawa mpya za kundi hili, na mwaka 2008 kwa za zamani kama haloperidoli, kwamba huongeza vifo kwa wazee wenye demensia. Zina nafasi pale tu mgonjwa anapokaribia kujidhuru au kudhuru wengine, kwa kipimo kidogo na kwa muda mfupi. Kama ndugu yako ana Lewy au hata anashukiwa tu, andika kwenye karatasi ikae mbele ya faili lake: haloperidoli asipewe. Usiku wa dharura, daktari aliyepo hamfahamu.

Uangalizi nyumbani

Wa Alzheimer hubishana na ukweli asioukumbuka. Akimtafuta mama yake aliyekufa zamani, kumkumbusha kifo ni kumfisha upya kila siku. Mwambie akusimulie habari za mama huyo. Mlango uwe na kengele, na nguo yake iwe na namba ya simu. Wa Lewy hahitaji kuambiwa kwamba paka hayupo. Ongeza mwanga, ondoa kivuli na nguo zilizotundikwa, muulize kama paka anamsumbua. Kama hamsumbui, acheni. Linda zaidi asianguke. Wa demensia ya mbele, kumsihi na kumkanya hakumbadilishi: fedha, funguo za gari na simu ya kununulia vitu viwekwe chini ya mtu mwingine mapema, kwa utaratibu wa kisheria wakati bado anaweza kutia saini kwa kuelewa. Kwake hili ni la haraka kuliko kwa wote. Wa mishipa mpe muda: swali moja, ngoja, hatua moja, ngoja.

Mwishoni, kwa aina zote nne, kumeza huwa kugumu na chakula huingia njia ya hewa. Familia nyingi huulizwa hapo kama mgonjwa awekewe mrija wa tumboni. Kwa demensia iliyofika mwisho, mrija haujaonekana kurefusha maisha wala kuzuia nimonia, na wagonjwa huung'oa, ndipo hufungwa mikono. Kulishwa kwa mkono, taratibu, akiwa ameketi wima, kijiko kidogo, laini na kile anachokipenda, ndicho madaktari wa wazee wanachokipendelea. Siku asiyotaka, asilazimishwe. Mdomo ulowanishwe, na maumivu yatibiwe.